Pipi za Jumamosi

Majken Tuvesson hawezi kugawa kitu bila kukipima. Mpe keki aikate: atainama mpaka macho yalingane na meza, ataweka kisu, atakiondoa, atakiweka tena unywele mmoja kulia, na sisi wengine tumekaa pale kahawa inatupolea. Nimekunywa kahawa na mwanamke huyu asubuhi na alasiri kwa zaidi ya miaka ishirini, katika chumba kilekile cha chini, kwenye nyumba ya panya wa majaribio ya chuo kikuu hapa Lund, kusini mwa Sweden, na sijawahi kuondoka na kipande kikubwa kuliko cha mwenzangu. Hata siku zangu za kuzaliwa, ambapo keki nilinunua mwenyewe kama ilivyo desturi, nilipata kilekile cha kila mtu.

Jina langu ni Stellan na kazi yangu ni kuosha vizimba. Vinaingia vichafu kwa mlango mmoja, vinatoka safi kwa mwingine, na katikati niko mimi na mashine inayonguruma kutwa nzima. Ndiyo maana naongea kwa sauti ya juu, na ndiyo maana watu hudhani nina hasira. Hasira ninazo, lakini si hizo. Majken yeye ni mtunza panya. Anawalisha, anawapima uzito, anawadunga sindano, na anawapa majina, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi katika nyumba kama yetu. Anatumia majina ya miji na vijiji vya huku kwetu Skåne: Eslöv, Hörby, Kivik, Sjöbo. Anasema ni kila mahali alipowahi kutukanwa, kwa hiyo majina hayatamwishia.

Alizaliwa kwenye shamba la viazisukari nje ya Staffanstorp, mtoto wa tatu kati ya sita. Nchi ya kule ni tambarare mno, mgeni akija unamwona ukiwa bado na muda wa kujificha. Wiki nzima ilikuwa viazi, vya kuchimba na vya kula. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya pipi, kama kwa kila mtoto wa nchi hii, na baba yake alirudi kutoka dukani na mfuko wa karatasi ambao hakuna aliyeruhusiwa hata kuunusa njiani. Mama aliumwaga juu ya meza na kupanga pipi safu sita. Zilizobaki zisizogawanyika zilikatwa kwa kisu cha mkate, na sheria ilikuwa moja: anayekata ndiye anayechagua mwisho. Mkataji alikuwa Majken. Mpaka leo akinisimulia habari hizo vidole vyake vinacheza mezani vikipanga safu.

Akiwa na miaka kumi na tisa alikuja kwetu kwa kazi ya kiangazi tu, kumshikia mtu nafasi. Mtu yule alipata mchumba Gothenburg na hakurudi, na Majken akabaki. Amewaona maprofesa wakija na nywele na kuondoka bila nywele. Alikuwepo enzi zile wataalamu wa ugonjwa wa Parkinson walipokuwa wakipandikiza ndani ya ubongo wa panya seli zilizotolewa kwenye vijusi vya panya wenzao, kazi ya kuchosha na ya kubahatisha. Siku hizi seli zinaoteshwa ghorofa ya tatu, kwenye visahani. Vijana wanazilisha, wanazibadilishia maji, wanazichungulia asubuhi na jioni kama miche ya nyanya, mpaka zinageuka kuwa neva changa za binadamu za aina ileile inayokufa kwa wagonjwa. Kisha zinaletwa kwetu chini, na tone moja linaingizwa ndani ya kichwa cha panya.

Mwenye visahani safari hii alikuwa Ylva Brandelius, mwanafunzi wa uzamivu, mrefu, mkimya, mtu wa kaskazini kabisa. Watu wa kule wakikubali jambo hawasemi ndiyo. Wanavuta pumzi ndani kidogo, basi, umeshajibiwa. Mwaka wa kwanza nilidhani msichana ana pumu. Tasnifu yake ilikuwa imesimama juu ya jaribio moja tu, na fedha za masomo yake zilikuwa zinaisha mwaka huohuo. Jaribio likiharibika, hakukuwa na la pili. Angerudi kwao na masanduku yake.

Jaribio lenyewe nitalieleza kama nilivyoelezwa mimi, muosha vizimba. Panya wanadungwa sumu inayoua neva hizo upande wa kulia tu wa ubongo. Baada ya hapo panya anausahau upande wake wa kushoto. Si kwamba ni kipofu wala kiziwi, ila kushoto kwake hakupo tena. Ukimpitisha kwenye kijia chembamba cha plastiki chenye vifuniko vya chupa kulia na kushoto, na ndani ya kila kifuniko umeweka vidonge vya sukari, atakula vya kulia vyote mpaka mwisho na vya kushoto atavipita kama hajaviona. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilisikitika siku nzima, na mimi si mtu wa kusikitikia panya.

Sasa, nusu ya panya wa Ylva walipandikizwa seli na nusu walipewa maji ya chumvi matupu. Nani alipata nini, alijua Torkel peke yake, daktari kijana aliyefanya upasuaji wakati wa baridi. Ylva hakujua, Majken hakujua, hata Profesa Solveig, bosi wao, hakujua. Ni utaratibu, ili macho ya anayetazama yasiongozwe na matumaini yake. Torkel alipomaliza kushona kichwa cha mwisho akaenda likizo ya kulea mtoto, akatoweka na siri yake mjini, akisukuma kigari cha mtoto na kunywa kahawa na akina baba wenzake.

Halafu ikabidi kungoja. Seli za binadamu hazina haraka. Hata ukizitia ndani ya kichwa cha panya, ambaye maisha yake yote ni mafupi, bado zinakua kwa kalenda ya binadamu. Na kwa kuwa mwili wa panya unajua kabisa kwamba hizo si zake, kila panya alidungwa kila siku dawa ya kuutuliza mwili usizifukuze. Wote walidungwa, wenye seli na wenye maji ya chumvi, ili wasitofautiane kwa lolote. Kazi hiyo ilikuwa ya Majken. Alimwomba kila mmoja samahani kabla ya sindano, akimwita kwa jina la kijiji chake.

Zamu za wikendi tungepaswa kugawana, lakini Jumamosi Majken alizichukua zote miaka mingi nyuma. Tulimshukuru, na mimi nilimwona mjinga kidogo. Hakuna aliyejiuliza anafanya nini mle ndani peke yake. Alichokuwa anafanya ni hiki: Jumamosi, baada ya sindano, kila panya alipewa pipi. Kidonge kimoja cha sukari, kutoka kwenye mtungi uleule wa jaribio. Hakuona kama amevunja sheria yoyote. Kwake ilikuwa Jumamosi, na kiumbe aliyedungwa wiki nzima anastahili Jumamosi yake.

Sasa Majken ni mashoto. Humkumbatia panya kifuani kwa mkono wa kulia, wote wawili wakitazama mbele, na mkono wa kushoto ndio unaodunga, na ndio unaotoa pipi. Kwa hiyo pipi ilikuja siku zote kutoka kushoto, upande uleule ambao panya wale walikuwa wameupoteza. Wakati wa baridi walikuwa hawaitambui. Aliwawekea kando ya shavu, akangoja, kisha akaizungusha taratibu mpaka mbele ya pua, hapo ndipo walipoidaka.

Mashamba yalipogeuka manjano kwa maua mwezi wa tano, Kivik aligeuza kichwa. Kivik alikuwa panya mvivu, mnene, asiye na tamaa ya maendeleo. Majken alimwekea pipi shavuni, na panya akageuka kushoto akaichukua, kama mtu anayepokea chenji. Majken alirudi nyumbani kwa baiskeli akipiga mluzi. Jumamosi iliyofuata akageuka Sjöbo. Iliyofuata tena, wengine wawili.

Hapo ndipo furaha ilipomgeukia. Alikuwa barabarani, upepo wa tambarare ukimpiga usoni, wazo likamjia likamfanya ashuke kwenye baiskeli. Katika maisha yake amewaona panya wakijifunza kila aina ya ujanja kwa ajili ya sukari. Akajiambia: si seli, ni mimi. Miezi yote nimewafundisha kwamba kushoto kuna pipi. Wataingia kwenye kijia cha Ylva na kula kushoto, Ylva atashangilia, na itakuwa kazi ya mkono wangu. Wale ambao hawakugeuka hawakumtia wasiwasi, alidhani ni wazito wa kujifunza kama kaka yake mkubwa.

Kuanzia siku hiyo Majken hakuwa Majken. Hakuacha kuwapa pipi, kwa sababu alihisi kuacha ghafla kungekuwa ni kuongeza kosa juu ya kosa, ila alikuwa anawapa kama mtu anayelipa faini. Mezani alikata keki bila kuinama. Nilipata kipande kikubwa kuliko cha wenzangu, na badala ya kufurahi nikaingiwa na hofu. Nilimuuliza kama anaumwa. Akaniambia nichunge vizimba vyangu.

Mwezi wa sita Ylva akaanza majaribio ya kijia. Siku ya tatu aliingia kwenye chumba changu cha kuoshea na kuizima mashine. Mashine ile haizimwi na mtu, nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe ukweli wake, lakini nilipomwona uso nikaufunga.

"Stellan," akasema, "wanakula kushoto."

"Wote?"

"Karibu nusu."

Nusu. Hata mimi nilielewa. Nusu walipewa seli, nusu wanakula kushoto. Ilibaki tu kujua kama nusu hii ndiyo ile, na mwenye kujua alikuwa anasukuma kigari mjini. Ylva alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaiwasha mashine mwenyewe, akaomba radhi, akaenda. Mimi nikaosha vizimba vya siku nzima nikiimba, na bahati nzuri mashine ilinifunika.

Solveig akapanga siku ya kufichua siri. Torkel angekuja na mtoto wake, sote tungekuwepo, na kungekuwa na keki ya mnara. Keki ile wengine wanaipenda kwa ladha, sisi wa Skåne tunaipenda kwa heshima: ni mayai na sukari vilivyomiminwa taratibu kwenye mti unaozungushwa mbele ya moto mpaka vikawa mnara mkavu unaofika kifuani kwa mtu aliyekaa. Haiokwi kwa siku moja, lazima uagize mapema, kwa hiyo Solveig aliagiza kabla ya kujua kama kuna cha kusherehekea. Mimi nilimwambia ni kujitafutia nuksi. Akanijibu kwamba matokeo yakiwa mabaya tutahitaji sukari zaidi.

Siku ikafika, mnara ukawekwa katikati ya meza, kahawa ikamiminwa. Torkel akapiga simu: mtoto alikuwa amepitiwa na usingizi hapo njiani, anakuja polepole, na tafadhali akifika mtu asipaze sauti. Solveig akasema basi tuanze keki. Keki ya mnara haikatwi kwa kisu. Inakatwa kwa msumeno mdogo, na haikatwi kutoka juu, bali unatoboa dirisha ubavuni, kisha dirisha jingine, ili mnara ubaki umesimama mpaka wa mwisho ale. Kazi ya kumpa nani kama si Majken. Akapewa msumeno.

Akauweka kwenye keki. Akauondoa. Akauweka tena. Tukadhani anapima. Kisha nikaona unga mweupe wa sukari unamwagika mezani, na akaulaza msumeno chini.

"Siwezi kuigawa hii," akasema. "Hii keki si halali yenu, na mwenye kosa ni mimi."

Akaeleza yote, amesimama, akiitazama ile keki. Pipi za Jumamosi, mkono wa kushoto, Kivik alivyogeuka, baiskeli, upepo. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alisema kwamba panya wale hawakupona, walifundishwa, na aliyewafundisha ni yeye, na kwamba alinyamaza kwa sababu aliogopa kumwangalia Ylva machoni. Mwisho akasema, "Nimekuharibia, Ylva. Nilitaka wawe na Jumamosi, nikakuharibia."

Nimewahi kukaa kwenye misiba iliyochangamka kuliko chumba kile. Solveig aliweka kikombe chini na kusema, kwa upole, lakini alisema, kwamba panya waliofundishwa kula kushoto hawathibitishi chochote kuhusu seli. Ylva alikuwa amepauka. Alikuwa anatazama dirisha lile la keki ambalo halijakatwa, na niliona kabisa anayafunga masanduku yake kichwani.

Halafu akainua uso.

"Uliwapa wote?"

Majken hakuelewa swali. "Wote nani?"

"Panya. Uliwapa wote, au wale uliowapenda?"

Nilimwona Majken anakasirika. Mtu aliyekuwa tayari kufukuzwa kazi, machozi yako karibu, akanyooka mgongo kama aliyetukanwa mzazi.

"Kwani mimi nina watoto wa kambo? Kila mmoja alipata kimoja. Hakuna aliyepata viwili, hakuna aliyepata nusu."

"Na wote kutoka kushoto?"

"Mkono ninao mmoja wa kutolea. Ningewapa wengine kulia, wengine kushoto? Si ungekuwa ubaguzi huo?"

Ylva akavuta pumzi ndani, ile ndiyo yao ya kaskazini, na rangi ikaanza kumrudi. Solveig naye akaanza kutabasamu kwa pembe ya mdomo. Sisi wawili, mimi na Majken, tuliangaliana. Hatukuwa tumeelewa kitu.

"Kama pipi ndiyo iliyowafundisha," Ylva akasema polepole, "basi imewafundisha wote. Na wenye maji ya chumvi pia. Wanaokula kushoto watakuwa wamechanganyika. Lakini kama wanaogeuka ni wenye seli tu..."

Hakumaliza, kwa sababu mlango ulifunguliwa kidogo na Torkel akaingiza kichwa, kidole mdomoni. Nyuma yake kigari. Ndani ya kigari mtoto Alve, mashavu kama maandazi, amelala fofofo.

Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona katika nyumba ile lilifanyika kwa kunong'ona. Torkel alikuwa hajui lolote, alidhani tumenyamaza kwa adabu, akatushukuru kwa ishara. Ylva hakumweleza. Alimwambia tu aanze, mmoja mmoja, na yeye angesema nani alikula kushoto. Torkel akatoa simu yake mfukoni na kunong'ona namba iliyoandikwa kwenye mkia wa panya wa kwanza.

"Saba."

"Kivik," akanong'ona Majken, ambaye watu wake anawajua kwa namba na kwa jina.

"Anakula kushoto," akasema Ylva.

"Seli," akasema Torkel.

Akataja mwingine. Majken akasema huyo ni Eslöv. Ylva akasema hali kushoto. Torkel akasema maji ya chumvi. Wakaendelea hivyo, Sjöbo, seli, Simrishamn, maji ya chumvi, na kila jibu lilipotoka Solveig aliinua kidole kimoja kimoja juu ya meza kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Walipofika Hörby mambo yakasimama: Hörby alipewa seli lakini kushoto hali. Majken alishika mdomo. Solveig akatikisa kichwa kwamba si neno, mahali pengine mche haushiki, na akamwonyesha Torkel aendelee. Aliendelea mpaka mwisho. Katika wote waliopewa maji ya chumvi, hapakuwa na hata mmoja aliyegeuka kushoto. Walipewa pipi zilezile, mkono uleule, Jumamosi zilezile, miezi yote ile, na hawakujifunza kitu. Waliogeuka wote walikuwa wa seli.

Hakuna aliyepiga kelele. Ylva alisimama, akaizunguka meza, akamkumbatia Majken, mrefu juu ya mfupi, na mabega ya wote wawili yakawa yanatikisika kimya kimya. Torkel akatutazama mmoja baada ya mwingine akiuliza kwa midomo kuna nini. Mimi nilikuwa nimeziba uso kwa kitambaa cha mezani. Nililia, na nasema wazi, nililia kwa ajili ya panya, kwa ajili ya binti wa watu wa kaskazini, na zaidi kwa ajili ya mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo alininyima kipande kikubwa cha keki.

Ylva akamweleza taratibu, kichwa kwa kichwa, kwamba kama angempa Kivik kwa sababu anampenda na kumnyima Eslöv, au kama angewapa watano tu, leo tusingejua lolote, kila kitu kingekwenda na maji. Kilichoiokoa kazi ni ule mgao wake wa sawasawa. Majken alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sijaharibu," akasema.

"Hujaharibu. Ila siku nyingine useme."

Solveig naye hakumwacha hivihivi. Akamsema, kwa kunong'ona, na nawaambieni kusemwa kwa kunong'ona kunauma kuliko kufokewa: sukari ya nje ya utaratibu ni sukari ya nje ya utaratibu, na angekuwa mtu mwingine ingekuwa habari nyingine. Kisha akatoa amri ambayo hakuna aliyeitegemea. Kwa kuwa jaribio lilikuwa halijaisha, na katikati ya jaribio hubadilishi kitu, pipi za Jumamosi zitaendelea mpaka mwisho. Kimoja kwa kila panya, kutoka kushoto. Na zitaandikwa ndani ya tasnifu, pale panapoelezwa matunzo ya wanyama, kila msomaji ajue. Majken alikaa kitini kwa kishindo.

Halafu akachukua msumeno. Safari hii aliinama mpaka macho yakalingana na meza. Alipima dirisha, akarudi nyuma, akapima tena, na hakuna aliyemharakisha. Alipoanza kukata, keki ile kavu ilitoa mlio kama mtu anayetembea juu ya changarawe, na Alve akafumbua macho, akatutazama, akaangua kilio kilichosikika hadi ghorofa ya tatu kwenye visahani. Ndipo na sisi tukaachia sauti zetu zote. Tulicheka, tulipiga meza, Torkel akaelezwa upya na watu wanne kwa pamoja, na mtoto akapewa kipande cha mnara akanyamaza. Kilikuwa sawa na changu. Nilivilinganisha.

Jumamosi iliyofuata Majken aliniambia nije nione, kama sina la maana la kufanya. Sikuwa nalo. Jumamosi nyumba ile ni nyingine kabisa, mashine yangu imenyamaza, unasikia panya wanavyochakura. Alivaa glavu, akaomba samahani, akadunga, akatoa pipi. Kivik hakungoja hata shavu liguswe, aligeuka kushoto akaichukua mkononi mwa Majken na kutulia kifuani kwake akiitafuna. Majken akanitazama juu ya kichwa cha panya, na sijamwona akiwa mzuri vile tangu nimjue. Nikamwambia amefundisha vizuri. Akaniambia ninyamaze.

Kisha akamtoa Eslöv. Sasa tulijua wote kwamba Eslöv alipewa maji ya chumvi, hakuna seli iliyokuwa inakua mle, na kushoto kwake hakungerudi. Matokeo yalishapatikana, siri ilishafichuliwa, na sukari ile haikuwa na cha kumfundisha mtu. Nilidhani ataifanya haraka haraka aende kwa mwingine. Alimkumbatia vilevile, akaweka pipi kando ya shavu la kushoto, akangoja muda uleule aliowangoja wenzake. Eslöv alitazama mbele. Majken akaizungusha pipi taratibu, taratibu, ikapita kwenye masharubu, ikafika mbele ya pua, na Eslöv akaidaka kwa mikono yote miwili.